Uzi: Riwaya ya mapenzi ya Unguja 1866. Kwa nini yule Mjerumani hakusilimu tu akaoa?

#1 KalamuYaPwani
Wakuu, salaam. Swali kwa watunzi na kwa wanaoijua Unguja ya zamani. Naunda riwaya ya mapenzi juu ya kisa kinachofanana na cha Sayyida Salme binti Said na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Majina nabadilisha, mifupa naiacha vilevile: binti wa Sultani, jirani Mzungu, mimba, manowari ya Waingereza usiku wa 24 Agosti 1866, ndoa Aden 30 Mei 1867.

Tatizo ni hili. Msomaji atafika ukurasa wa arobaini aulize: si asilimu tu? Kusilimu ni kutamka shahada, kahawa haijapoa umemaliza. Kikwazo kinachoondoka kwa sentensi moja hakibebi kurasa mia tatu. Natafuta kile ambacho hakiondoki hata wapenzi wakifanya kila kitu sawasawa. Kipi?

#2 Mtu_wa_Shangani
Kufu, yaani ulingano wa hadhi kati ya mume na mke. Funga uzi.

Mabinti wa Sayyid Said waliozwa ndani ya ukoo, hasa kwa binamu, na wasiopata wa hadhi yao walikaa bila waume. Ruete akisilimu leo, kesho ni Mwislamu wa siku moja, baba yake si Mwislamu, nasaba yake haijulikani msikitini. Kwa mafakihi (wanasheria wa dini) wa madhehebu ya Shafii, aliyesilimu mwenyewe si kufu wa mwanamke ambaye baba yake alikuwa Mwislamu. Sasa huyu baba yake alikuwa Sultani.

#3 FiqhiKwaVitendo
Mkuu #2, umefunga uzi mapema. Kufu ni haki ya mwanamke na walii wake (ndugu wa kiume mwenye mamlaka ya kumwoza), na mwenye haki anaweza kuisamehe. Binti akiridhia na walii akiridhia, ndoa inafungwa hata na mchukuzi. Kwa hiyo mlango wenyewe ni walii.

Walii wa binti huyu ni nani? Baba alifariki baharini Oktoba 1856. Babu hayupo. Wanafuata kaka wa baba na mama mmoja, kisha kaka wa baba mmoja. Sultani Majid ni kaka wa upande wa baba, na juu ya hapo ndiye mtawala. Kwa Shafii, walii akikataa kumwoza mwanamke kwa mtu aliye kufu, huo ni udhalimu, na kadhi anaweza kuoza mahali pake. Akikataa asiye kufu, hajadhulumu mtu, yuko ndani ya haki yake. Umeona kufu inavyorudi kwa dirishani?

#4 KalamuYaPwani
Shukrani #3. Je, wakivuka bara, mbali na walii, kadhi wa huko hawezi kuwaoza? Nilikuwa na sura nzima ya jahazi la kwenda Bagamoyo.

#5 FiqhiKwaVitendo
Sura nzuri, lakini masafa yanakuangusha. Kadhi huchukua nafasi ya walii asiyekuwepo ikiwa walii yuko umbali wa marhala mbili au zaidi, ule umbali wa kupunguza sala. Watu huukadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Kutoka mjini Unguja hadi Bagamoyo kwa mstari ni kama 45. Pangani ni karibu 84, yaani mpakani kabisa, kadhi mkaidi na kadhi mpole watatofautiana hapo hapo. Mombasa inazidi 200, haina ubishi.

Ila usishangilie. Kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba kadhi akisimama badala ya walii hawezi kumwoza asiye kufu, hata bibi harusi akilia machozi ya ridhaa. Ukitaka waoane Mombasa, bwana harusi wako awe kufu, na akiwa kufu hapana sababu ya kukimbilia Mombasa.

Jambo la mwisho: haya yote ni Kishafii. Ukoo wa Busaidi, yaani wa Sultani, ni Ibadhi, madhehebu mengine.

#6 BintiMalindi
Nilikuwa nasubiri mtu ataje Ibadhi.

Mmejadili kufu na walii kana kwamba wapenzi hawa walikuwa wakitazamana tu dirishani. Mtoto alizaliwa Aden Desemba 1866. Rudisha miezi tisa, ni Machi hivi. Maana yake Agosti anaondoka ana mimba ya miezi mitano au zaidi. Na kwa kauli mashuhuri ya Ibadhi, mwanamume aliyezini na mwanamke hawezi kumwoa mwanamke huyo. Hata wakitubia wote wawili. Daima. Mashafii hawasemi hivyo, ndiyo maana wengi hapa hawakulifikiria.

KalamuYaPwani, ukuta wako ndio huo. Kabla ya Machi, kusilimu kungeweza kuwa mwanzo wa mazungumzo, magumu lakini mazungumzo. Baada ya Machi, Ruete angeweza kusilimu, kuhiji na kuhifadhi juzuu thelathini, na bado kwa madhehebu ya nyumba ile asingemwoa. Na mlango hakuufunga Majid wala Waingereza, waliufunga wao wenyewe usiku mmoja. Wapenzi wenye ila, ila yao ndiyo kikwazo chao. Utataka nini tena?

#7 Mtu_wa_Shangani
@BintiMalindi hoja nzito, ila ina tundu. Hukumu hiyo inamfunga anayejua. Zina haithibiti ila kwa mashahidi wanne au kwa kukiri. Wangenyamaza na kuharakisha nikaha mwezi wa Machi hiyohiyo, nani angejua?

#8 BintiMalindi
Yeye mwenyewe angejua. Huyu si msichana asiyesoma. Alijifundisha kuandika peke yake kwa kunakili Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, zama ambazo wasichana walifundishwa kusoma tu na kuandika wakakatazwa. Mtunzi anayemfanya asijue dini yake amemdhulumu. Kama unataka sura ngumu, mwandikie usiku anaojua kwamba nikaha yoyote atakayoipata kwa siri ni batili machoni pake mwenyewe.

#9 Msomaji_Tu
Nimekuja kusoma mapenzi nimekuta mtihani wa kidato cha sita 😂 Endeleeni, nipo kwenye mkeka.

#10 NyarakaKimya
Mnazungumza dini kana kwamba ikulu iliendeshwa kwa vitabu vya fiqhi peke yake. Siasa je?

Mwaka 1859 Barghash, ndugu yao, alijaribu kumpindua Majid. Salme, wa miaka 15, alikuwa upande wa Barghash pamoja na dada yake Khole, na kwa sababu alijua kuandika ndiye aliyekuwa mwandishi wa barua za njama. Waingereza wakaingilia, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme akapatana na Majid, na kwa kupatana huko akawapoteza Khole na kundi la Barghash. Mama yake, Jilfidan, suria wa Kicherkesi, alishakufa kwa kipindupindu mwaka huohuo wa 1859.

Kwa hiyo 1866 unaye mwanamke wa miaka 21, hana mama, hana baba, nusu ya ndugu wanamwona msaliti na nusu nyingine wanamkumbuka kama mwasi. Katika nyumba ile ombi la ndoa isiyo ya kawaida lilihitaji mtu wa kulibeba. Hakuwa na wa kumsemea. Kikwazo ni upweke alioujenga mwenyewe kwa kalamu yake. Kufu na walii ni majina ya kisheria tu ya jambo hilo.

#11 FiqhiKwaVitendo
@NyarakaKimya sikubali kwamba ni "majina tu". Majid alikuwa mpole kwake baada ya 1859, hilo anakiri mwenyewe katika kumbukumbu zake za 1886. Angekuwa na wa kumsemea. Hakuwa na kitu cha kusemewa.

#12 NyarakaKimya
Mpole kwa dada aliyerudi kundini. Si kwa dada mwenye mimba ya Mnasara.

Ongeza na mali, maana riwaya nyingi za kipindi kile zinaisahau. Sayyid Said aliacha watoto 36, wa kiume 18 na wa kike 18. Masuria hawarithi kitu, huwa huru tu bwana akifa ikiwa walimzalia. Mke halali akiwepo huchukua thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki kigawe mafungu 54, mwana wa kiume mawili, binti moja. Ukiweka mke mmoja, fungu la binti ni 7 juu ya 432, kama asilimia 1.6. Ni kidogo kwa asilimia, kikubwa kwa kitu: shamba, nyumba, na watu wa kulifanyia kazi. Salme alitangazwa baleghe akiwa na miaka 12 ili akabidhiwe lake. Mwanamke wa umri wake mwenye mali mkononi mwake, bila mume, wala baba, hiyo ni hali adimu. Akibatizwa harithi tena Mwislamu yeyote, na wao hawamrithi. Aliporudi 1885 kudai haki zake, Barghash, sasa Sultani, hakumpa, na Salme alikuja nyuma ya manowari za Bismarck, jambo ambalo halikumsaidia kwa ndugu.

Kwa mtunzi: kila hatua ya mapenzi iwe na bei. Akivua barakoa mbele yake, bei hii. Akishuka ngazi ya nyuma, bei ile. Akipanda mashua, mafungu yote yamekwenda.

#13 MzigoWaKauri
Mbona hakuna anayemuuliza Ruete? Wote mnahesabu alichopoteza yeye mwanamke.

Kwanza "Mjerumani" ni neno la kuangalia. Mwaka 1866 Ujerumani kama dola haipo, itakuja 1871. Yeye ni raia wa Hamburg. Hamburg, Bremen na Lübeck zilikuwa na mkataba wa biashara na Zanzibar tangu 1859. Kampuni kubwa za Hamburg mjini zilikuwa mbili, O'Swald na Hansing, na Ruete alianza kama wakala wa Hansing. Walinunua karafuu, pembe, ufuta, nazi, na kauri (simbi za baharini) za kupeleka Afrika Magharibi zilikotumika kama fedha. Mtu wa namna hii yuko chini ya konseli (balozi mdogo) wake, kadhi hana njia kwake. Akisilimu, konseli amwite nani? Mikopo yake Hamburg inasimama juu ya jina la nani?

Maoni yangu, na mnipige mawe: hakusilimu kwa sababu hakutaka. Alikuwa na miaka 27, mpango wake tangu mwanzo ulikuwa kuchuma na kurudi kwao. Mkiandika kwamba sheria ilimzuia mnamsafisha.

#14 BintiMalindi
@MzigoWaKauri hapo sikupigi jiwe. Tazama kilichofuata. Yeye Salme anafika Aden, anazaa huko ugenini. Bwana yupo Unguja anafunga hesabu, na hakuna aliyemgusa. Anafika Aden Mei 1867. Siku hiyohiyo ya 30 Mei: ubatizo, ndoa, na meli. Mtoto wao wa kwanza akafa njiani kuelekea Hamburg. Mtunzi akifanya miezi ile ya kungoja kuwa "uaminifu wa mbali" nitatupa kitabu.

#15 MzigoWaKauri
Hapo nitamtetea kidogo. Kufunga hesabu si kuandika barua mbili. Fedha ya biashara ilikuwa imetawanyika: mali imekopeshwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, hao wameikopesha kwa misafara iliyokwenda bara, na msafara unaweza kukaa mwaka na zaidi kabla pembe hazijashuka pwani. Simu ya waya haikufika Unguja hadi 1879. Mfereji wa Suez haujafunguliwa, ni Novemba 1869. Barua kwenda Hamburg na jibu kurudi ni miezi. Angeondoka naye Agosti, angefika kwao mikono mitupu.

Kama ni uoga au ni hesabu, mtunzi achague. Mimi ningeacha wahusika wenyewe wagombane juu yake hadi mwisho.

#16 Msomaji_Tu
Wagombane hadi lini, jamaa si alikufa 1870?

#17 MzigoWaKauri
Agosti 1870, alianguka akishuka kwenye tramu ya farasi, Hamburg. Mjane wa miaka 25, watoto watatu, mkubwa ana miaka miwili na kitu. Riwaya za mapenzi hupenda kuishia kwenye meli. Hii ukiiishia kwenye meli umekata nusu.

#18 NahodhaWaKusi
Naingia kwa upande wa bahari, maana hapo ndipo watunzi wengi huzama.

Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Chombo kinachotoka Unguja kwenda Aden kinasukumwa na upepo kutoka nyuma, kwa hiyo safari inakwenda. Ukiihamishia Januari, kaskazi inakupiga usoni na jahazi lako haliendi popote. Highflyer, ile manowari ya Kapteni Pasley iliyomchukua, ilikuwa na matanga na mvuke pia, kwa hiyo yeye angeweza kubishana na upepo, lakini ukiweka jahazi badala yake, zingatia.

Pili, mwezi. Usiku wa 24 Agosti 1866 ni kama tarehe 12 au 13 ya Mfungo Saba 1283 kwa kalenda ya Kiislamu. Mwezi karibu mpevu. Kila anayeandika kisa hiki huweka giza totoro. Hapakuwa na giza. Mbingu ikiwa wazi, mtu mwenye vazi jeusi juu ya mchanga mweupe anaonekana kutoka kila baraza la pwani.

Tatu, maji. Mwezi mpevu ni bamvua, maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Unguja siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri, na hupwa kama saa nne, ya asubuhi na ya usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita nne. Ukimteremsha pwani saa tatu au saa nne za usiku, maji yamekwenda. Mashua haiji kumchukua mlangoni, inasimama mbali. Mwanamke aliyezoea kubebwa na kusindikizwa anatembea juu ya tope na mawe, suruali imeloa hadi magoti, na mimba ya miezi mitano. Sura yenyewe imejiandika.

#19 Mtu_wa_Shangani
Na alitokaje nyumbani bila mtu kuuliza? Inasimuliwa kwamba ilikuwa Siku ya Mwaka, wanawake wanakwenda kuoga baharini.

#20 NahodhaWaKusi
Hesabu inakubali. Mwaka wa Waswahili ni siku 365 bila siku ya ziada, kwa hiyo ukiulinganisha na wa Kizungu unarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Leo Makunduchi wanakoga mwaka Julai 23 au 24. Rudi hadi 1866, unapata mwishoni mwa Agosti. Kwa hiyo mwezi mpevu unamfichua, lakini umati unamficha.

#21 Fundi_wa_Mswada
Kwa kuwa tumefika kwenye vitu vya kushikika, haya ndiyo nayokata kwa kalamu nyekundu katika miswada ya kipindi hiki.

Kanga yenye maneno: hapana, hiyo ni ya mwanzo wa karne ya 20 na kuendelea. Mwaka 1866 wanawake wa kawaida mjini wamevaa merikani na kaniki, vitambaa vya pamba visivyo na nakshi. Binti wa Sultani ana kanzu ya hariri, suruali iliyobana vifundoni, na barakoa. Beit al-Ajaib: ilijengwa 1883, usimpitishe mhusika chini ya saa yake. Kanisa la Mkunazini: hapo bado ni soko la watumwa, lilifungwa Juni 1873. Fedha ni reale za Maria Theresa. Dar es Salaam ndiyo kwanza Majid anajenga, ukitaka kumwondoa Sultani mjini kwa sura mbili, hicho ni kisingizio cha kweli kabisa.

Dirisha mmelisema juujuu. Nyumba ya Salme ilikuwa ndefu kuliko ya Ruete, na paa tambarare la Ruete lilikuwa chini ya dirisha la Salme. Salme ndiye aliyekuwa akitazama karamu za wanaume kule chini. Waandishi wengi humgeuza mwanamume kuwa mtazamaji. Mkilinyoosha hilo, nusu ya mapenzi haya inabadilika.

La mwisho ndilo linalowauma watunzi. Watumwa. Binti huyu alikuwa nao, shambani na chumbani, na katika kumbukumbu zake anautetea utumwa wa Waarabu dhidi ya Wazungu. Shujaa wenu anayewaacha huru wote sura ya tatu ni mtu wa karne ya 21 aliyevaa barakoa.

#22 Msomaji_Tu
Sasa nitampendaje mtu kama huyo?

#23 Fundi_wa_Mswada
Usimpende. Mfuate. Mjakazi anayebeba ujumbe ngazini anajua kila kitu na akikamatwa ndiye wa kwanza kuchapwa. Mpe jina na mpe hesabu zake mwenyewe: akisema anapata nini, akinyamaza anapata nini.

#24 SharifuWaMkomani
Nawapeleka pembeni kidogo. Kwa anayetaka kikwazo cha kufu kikiwa tupu, bila mimba wala Mzungu, aende kwa masharifu (wazao wa Mtume) wa Kihadhrami. Mwaka 1905 Singapore palizuka mzozo juu ya sharifa aliyeolewa na Mhindi Mwislamu. Gazeti la al-Manar la Cairo likasema ndoa ni halali, wanazuoni wa Kihadhrami wakapinga. Mawimbi yake yalifika kila bandari yenye Wahadhrami, na pwani yetu ni mojawapo. Hapo bwana ni Mwislamu, mcha Mungu, ana mali, walii karidhia, na bado mtaa mzima umesimama.

#25 FiqhiKwaVitendo
@SharifuWaMkomani huo ndio mfano unaompa #2 pointi. Hapo walii aliridhia na bado watu walisema haitoshi, kwamba kufu ya masharifu ni haki ya ukoo wote. Wengine hatuoni hivyo.

#26 Mtu_wa_Shangani
Nilisema funga uzi tangu mwanzo 😎

#27 BintiMalindi
Ukoo wa Sultani si masharifu, usijitwalie pointi ambayo si yako.

#28 KalamuYaPwani
Wakuu, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Nimebaki na vikwazo vinne na kila mmoja wenu anaapa ni chake. Bagamoyo nimeifuta. Nafikiria kumfanya binti aamini sababu ya BintiMalindi, Ruete aamini ya MzigoWaKauri, na ndugu wa binti waamini ya NyarakaKimya, asiwepo anayemwambia mwenzake.

Swali dogo kwa Nahodha: maji yakiwa yamepwa saa nne, mashua ya manowari inaweza kusogea hadi wapi bila kukwama?

#29 NahodhaWaKusi
Inategemea umemteremsha wapi. Ncha ya Shangani kina kiko karibu, mashua ya makasia inasogea. Ukienda upande wa Funguni, ile hori inakauka kabisa, utakwama nayo hadi maji yarudi. Mjini kwenyewe niambie kwanza nyumba umeiweka mtaa gani.

#30 Msomaji_Tu
Asimweke Funguni, tafadhali, huyu dada ametembea vya kutosha.